Tofali Lina Maji

Kila Jumatatu asubuhi, wanafunzi wa shule moja ya msingi, iliyo mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Matinyani, walifika shuleni na vitu vitatu: daftari, ufagio wa matawi na mtungi wa maji wa lita tano. Daftari lilikuwa la mtoto, ufagio ulikuwa wa darasa, na maji yalikuwa ya pipa. Pipa lilisimama nyuma ya ofisi, chini ya dirisha la Mwalimu Mkuu Jonah Kiema, na kila mtoto alipomimina, Mwalimu Mkuu alisema kutoka ndani, bila kuinua kichwa, "Haba na haba hujaza kibaba."

Maji hayo yalisemekana kuwa ya miche. Shule ilikuwa na miche miwili. Mmoja ulikauka mwaka wa njaa, 1984, na wa pili uliliwa na mbuzi wa pasta. Hata hivyo, kufikia Ijumaa pipa lilikuwa tupu kabisa, na ng'ambo ya ua, kwenye shamba la Mwalimu Mkuu, nyumba ya matofali ilizidi kuongezeka chumba baada ya chumba tangu mwaka wa 1975. Kila mtu alijua maji yanakokwenda, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyeona haja ya kusema.

Sayansi ya darasa la sita ilifundishwa na Mwalimu Mbinya. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa amesoma katika shule hiyo hiyo, akamaliza kidato cha nne, akarudi kufundisha bila kusomea ualimu. Wa aina yake walikuwa wengi siku hizo, na njia ya kwenda chuoni ilikuwa moja tu: mkaguzi kutoka Kitui mjini akae nyuma ya darasa, asikilize somo moja mpaka mwisho, atie sahihi kwenye fomu, kisha mwalimu mkuu naye atie yake.

Mbinya alikuwa amekaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza alifundisha sumaku bila sumaku. Watoto waliombwa waifikirie, na waliifikiria vizuri sana, lakini mkaguzi akaandika: *Vifaa: hakuna.* Mara ya pili alifundisha sehemu za ua, katika msimu ambao hata miti ya mikakaya ilikuwa imekataa kuchanua. Mkaguzi akaandika: *Ua halikuonekana.* Mara ya tatu ndiyo ingekuwa ya mwisho. Fomu yenyewe ilisema hivyo, kwa herufi kubwa. Akianguka tena, Januari angefunga virago arudi nyumbani kupalilia mbaazi, na kazi yake angepewa binti wa mtu mwingine.

Ratiba ilitoka Oktoba ya 1987. Somo: kutenganisha michanganyiko kwa kuchuja. Kitabu kilisema mwalimu awe na karatasi ya kuchujia, faneli na bika ya kioo.

Mbinya alikwenda ofisini kuomba. Mwalimu Mkuu alifungua kabati la sayansi kwa funguo mbili. Ndani mlikuwa na ramani ya Afrika iliyoliwa na mchwa, fuvu la nyani, na bika moja iliyojaa sukari.

"Hiyo ni ya chai ya wageni," Mwalimu Mkuu alisema. "Mkaguzi atakunywa nini?"

"Sukari tunaweza kuiweka kwa mkebe, sir."

"Mkebe una mchwa. Wewe tafuta vifaa vya kienyeji. Serikali inapenda vifaa vya kienyeji." Akafunga kabati kwa funguo zote mbili.

Jioni hiyo Mbinya akaenda kwa nyanya yake, Syokau, ambaye yeye na wajukuu wote walimwita Susu. Kabla ya kuokoka mwaka wa sitini na moja, Syokau alikuwa mpishi wa uki, pombe ya asali, na wazee walitoka mbali kuinywa. Siku aliyookoka alikabidhi kanisa nyungu, vibuyu na pembe ya kunywea, vyote vikachomwa mbele ya waumini. Chujio alikataa kulitoa. Alisema chujio halijawahi kulewa. Kazi yake ilikuwa kuzuia machicha, na hiyo si dhambi. Lilikuwa chujio la mkonge, alilolisuka mwenyewe namna kiondo kinavyosukwa, ila kwa kukaza zaidi, mdomo mpana na kitako kilichochongoka. Kwa miaka ishirini na sita lilikuwa limening'inia jikoni likihifadhi vitunguu.

"Susu, naomba chujio."

"Ya nini? Umeanza kupika?"

"Ni ya sayansi."

Syokau akaanza kutoa vitunguu kimoja kimoja na kuvipanga sakafuni. "Usiiharakishe," akasema. "Hii hutenganisha. Wazee walikuwa wanaleta asali, kila mtu na ya mzinga wake. Tunachanganya kwa nyungu moja, tunapika, na tukichuja kila mtu anapata ya nyuki zake. Hakuna mzee aliwahi kulalamika."

"Asante, Susu."

"Lakini haijui nani atakunywa. Hiyo ni kazi ya mwenye kushika kata."

Mbinya alilikung'uta maganda ya vitunguu akaenda nalo.

Mkaguzi alitarajiwa Jumanne, kwa hiyo Jumatatu Mbinya aliamua kulifanyia somo mazoezi. Alilaza mpini wa jembe juu ya madawati mawili, akalitundika chujio, akaweka jagi chini yake. Kisha, darasa la sita likiwa la kwanza kumimina asubuhi hiyo, akateka maji ya pipa ndoo moja, akatia udongo viganja vitatu, akakoroga mpaka yakawa mazito, akamimina.

Maji yakaanza kudondoka, meupe, bila chembe. Darasa likapiga makofi, kama walivyofundishwa kufanya kesho yake. Kisha maji yakaacha kudondoka, na chujio bado lilikuwa limejaa.

Mbinya alisubiri. Alikumbuka kuambiwa asiliharakishe. Baada ya muda mfupi yakaanza tena, yakatoka kidogo, yakaacha tena.

Mbula, msichana wa dawati la mbele, alikuwa ameinama juu ya jagi akinusa. "Mwalimu, hii ya kwanza ni maji ya kwetu."

"Umejuaje?"

"Inanuka moshi ya kibuyu. Mama hufukiza kibuyu na mti ya mukau. Hakuna mwingine hufanya hivyo."

Mbinya akamruhusu aonje. Mbula akaonja, akathibitisha. Basi mwalimu akaanza kubadilisha vyombo kila maji yalipoacha kudondoka. Yalikuja ya silanga ya juu, bwawa wanakonyweshwa mifugo, yenye harufu ya ng'ombe, na ndugu wawili wakayagombania mpaka yalipokuja ya pili yake. Yalikuja ya mchanga wa mtoni, mepesi na baridi. Yalikuja ya tangi la kanisa, yenye ladha ya mabati, na mtoto wa pasta akanyoosha mkono kabla hata hajaulizwa. Walitumia chupa za soda, chupa za dawa ya kikohozi, vifuniko vya mikebe na kiatu kimoja cha mpira kilichooshwa. Mbinya aliandika majina kwa chaki. Hakukuwa na kelele. Mtoto wa Ukambani anayajua maji ya kwao kama anavyoijua sauti ya mama yake akimwita kwa hasira.

Mpaka kengele ya saa nne, udongo ulikuwa umebaki mkavu juu ya chujio na chini yake palikuwa na maji ya watu arobaini. Darasa lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Macho yote yakamgeukia Musyoka, ambaye hakuwa na chombo mbele yake. Musyoka alikuwa kiranja wa maji.

Akasimama. Alikiri kwamba tangu muhula wa pili alikuwa akija na mtungi mtupu, kifuniko amekikaza vizuri, akitembea kwa kupepesuka kama mtu aliyelemewa.

"Na jasho?" Mbinya akauliza. Kila Jumatatu alikuwa akimwonea huruma kwa ajili ya lile jasho.

"Jasho ni ya ukweli, Mwalimu. Kupepesuka ni kazi."

Darasa lilicheka mpaka Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akipita, akasimama dirishani. Alisikiliza maelezo yote. Hakumkemea Musyoka. Alilitazama chujio kwa muda mrefu, namna mtu anavyomtazama dume la ng'ombe la jirani, kisha akaenda zake.

Watoto walikuwa na kiu, kila mmoja akanywa maji yake. Mbinya akaandika ubaoni, neno kwa neno kutoka kitabuni: *Kuchuja hutenganisha vitu vilivyochanganyika.* Mtu wa dawati la nyuma akauliza kama hiyo itakuja kwa mtihani. Mbinya alisema huenda ikaja. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ajiriwe. Mwaka huu vifaa vilikuwepo.

Mkaguzi alifika Jumanne saa tatu kwa pikipiki. Jina lake lilikuwa Bwana Muthama, mtu mwembamba wa suruali iliyopigwa pasi, mwenye penseli tatu mfukoni, zote zimechongwa. Alipewa chai ofisini. Kwa kuwa hakuimaliza, aliingia darasani na kikombe mkononi. Mwalimu Mkuu alimfuata na kiti chake, akaketi kando yake, fomu juu ya goti.

Mbinya alifundisha kwa Kiingereza mpaka Kiingereza kilipokwisha, kisha akaendelea kwa Kiswahili. Matope yalichujika. Maji ya watoto yakatoka kwa zamu, wakayapokea kwa utaratibu, na Bwana Muthama akawa anaangalia saa yake na kuandika dakika kila yalipobadilika. Makofi yalipigwa mahali pake.

"Vizuri," mkaguzi alisema. "Lakini matope hata yakiachwa yakae hujitenga yenyewe. Jaribu hii." Akasimama, akamimina chai yake iliyobaki ndani ya chujio.

Yalitoka maji kwanza, ambayo ndugu wa silanga ya juu waliyatambua. Yakafuata maziwa. Mtoto wa pasta akaonja, akasema ni ya mbuzi wao yule mweupe, ambaye tangu Agosti wanashangaa kwa nini hana kitu asubuhi. Mwalimu Mkuu akakohoa. Juu ya chujio yalibaki majani ya chai upande mmoja, na upande wa pili sukari, kavu, nyeupe, vijiko vinne.

"Niliomba viwili," Bwana Muthama alisema. Aliichunguza. "Na sukari huyeyuka. Haipaswi kubaki." Akaandika alama ya kuuliza kwenye fomu, kisha akaifuta, kwa sababu mahali hapo fomu ilitaka ndiyo au la. Aliandika ndiyo.

Kisha akaligeukia darasa. "Nani atanipa mfano wa mchanganyiko mwingine?"

Mbula alinyoosha mkono. "Tofali."

"Tofali si mchanganyiko," Mwalimu Mkuu alisema haraka. "Tofali ni kitu kigumu."

"Ni udongo, majani na maji, sir," Mbula alisema. "Sisi ndio hukanyaga siku ya ufundi."

Bwana Muthama alifikiri. Alikuwa mtu wa haki katika mambo madogo. "Kisayansi, msichana yuko sawa. Mko na tofali?"

Walikuwa nalo. Mlango wa darasa la sita haukuwa na komeo, kwa hiyo ulizuiwa kwa tofali, na tofali hilo lilikuwa hapo tangu zamani, moja la lile rundo la kwanza kabisa la msingi wa nyumba ya Mwalimu Mkuu. Musyoka, aliyekuwa akitafuta njia ya kujirudishia heshima, alilipondaponda kwa jiwe mpaka likawa unga. Mbinya akautia unga ndani ya chujio.

Tofali hilo lilikuwa limechomwa tanuuni siku nne, na kwa kawaida maji huondoka siku ya kwanza. Haya hayakuwa yameondoka. Yalianza kudondoka polepole, yakajaza chupa moja ya soda mpaka shingoni, yakaacha.

Watoto walipita mmoja mmoja wakionja kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyeyajua.

"Iko na chumvi," Mbula alisema. "Na inanuka mafuta ya kupikia. Hakuna kisima ya chumvi huku."

Hakikuwepo tena. Kilikuwa kimekauka mwaka wa 1976, na mtoto ambaye angezaliwa baada ya hapo asingejua kwamba kiliwahi kuwepo. Lakini Mbinya alikuwa ameisikia ile harufu kabla chupa haijajaa. Mwaka wa 1975 alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwao hawakuwa na mtungi. Alikuwa akija na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia wenye mshikio wa waya. Waya ule ulimkata vidole, akawa anabadilisha mikono kila baada ya hatua mia, akihesabu kwa sauti. Alichovya kidole, akaonja. Yalikuwa yake. Alitaka kulia, na alitaka kucheka, na zaidi ya yote alitaka sahihi.

"Haya ni ya nani?" Bwana Muthama aliuliza.

Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kufungua kalamu yake, akaifunga tena. "Maji yakimwagika hayazoleki, Bwana Mkaguzi," alisema.

Wote wakaitazama chupa, ambamo yalikuwa yamezoleka.

"Maji ni maji," Mwalimu Mkuu akaongeza.

Mkaguzi aliangalia saa. "Mwalimu, umebaki na dakika tano. Toa hitimisho."

Mbinya aligeukia ubao. Alikuwa na chaki mkononi na jibu lilikuwa ulimini, lenye chumvi. Nyuma yake alisikia kalamu ya Mwalimu Mkuu ikifunguliwa, ikifungwa, ikifunguliwa. Aliandika neno *Hitimisho*, akalipigia mstari kwa rula, na akauchora mstari huo polepole sana. Kisha akaandika: *Tofali lina maji.*

Watoto wakainama wakanakili. Mbula peke yake hakuinama. "Mwalimu, tuandike ni ya nani?"

"Andika kilicho ubaoni," Mbinya alisema.

Bwana Muthama aliandika: *Vifaa: vipo. Vya kienyeji. Vinafaa sana.* Akatia sahihi. Mwalimu Mkuu akatia yake, na chini yake, kwa mwandiko mzuri aliojulikana nao, akaongeza kwamba chujio litabaki kuwa mali ya shule.

Mbinya aliona aibu, na hakuna aliyemwondolea, kwa sababu wote walikuwa wakimpa pongezi. Aliichukua ile chupa, akaiziba kwa kigunzi cha hindi, akabandika plasta na kuandika juu yake *Mbinya, 1975*. Jioni alimweleza nyanya yake kwamba chujio halitarudi.

"Na vitunguu vyangu?" Syokau akauliza.

"Nitakununulia kikapu, Susu."

"Kata imeshikwa na nani?"

"Na Mwalimu Mkuu."

"Haya," Syokau alisema, na hakuuliza zaidi.

Januari Mbinya alikwenda chuoni na chupa yake ndani ya sanduku la bati. Alisoma miaka miwili. Katika mtihani wa mwisho kulikuwa na swali: taja mchanganyiko mmoja ambao hauwezi kutenganishwa kwa kuchuja. Aliandika maji na sukari, akapata alama zote, ingawa alijua mahali ambapo jibu hilo si kweli. Mwaka wa 1990 alipangiwa shule, na ikawa ni ile ile.

Alikuta utaratibu umekuwa mzuri zaidi. Mwalimu Mkuu Kiema hakuwa mtu wa kupoteza kifaa. Chujio sasa lilitundikwa juu ya pipa, na kila Jumatatu maji ya shule nzima yalichujwa, yakatenganishwa, yakapimwa na kuandikwa. "Mali bila daftari huisha bila habari," alisema, na daftari lilikuwepo, kubwa, la jalada jekundu. Aliyepunguza alichapwa kiboko kimoja kwa kila kikombe. Mtungi mtupu haukuwezekana tena. Musyoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonja utaratibu huo, na baadaye alisema kwamba ulikuwa wa haki, kwa sababu hata mtoto wa pasta alichapwa.

Na kwa kuwa maji sasa yalijulikana ni ya nani, Mwalimu Mkuu aliona si vizuri kuyachanganya tena. Kila mtoto alipewa ndoo yake yenye alama, akafyatuliwa matofali yake kwa maji yake, na jina lake likachorwa kwa msumari kabla tofali halijakauka. Siku ya wazazi watu walikuja kwa wingi kuliko miaka yote. Walizunguka nyumba ya Mwalimu Mkuu wakisoma kuta. Mama yake Mbula alihesabu kumi na tisa ya Mbula, akamwita jirani aje aone, na jirani, ambaye mtoto wake alikuwa na kumi na moja, alikwenda nyumbani akamfokea mtoto. Bwana Muthama alipopita aliandika: *Utunzaji wa kumbukumbu: bora.*

Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba vya walimu. Mbinya, sasa mwalimu mwenye cheti, alipewa kimoja. Chupa yake aliiweka dirishani. Asubuhi jua lilipopenya, alibaki kitandani kidogo akisoma majina ya watoto ukutani, na baadhi yao alikuwa amewafundisha kusoma yeye mwenyewe. Kwenye kuta za chini, za matofali ya zamani, hakukuwa na jina lolote.

Jumatatu moja ya Februari, mwaka huo huo, Mbinya alikuwa mwalimu wa zamu. Kazi ya zamu ilikuwa kushika daftari jekundu huku Mwalimu Mkuu akishika kata. Mvua ilikuwa imekataa. Mwishoni mwa foleni alisimama Mutindi wa darasa la pili, mdogo wake Mbula, goti limechubuka na mtungi umelowa nje.

"Nilianguka kwa korongo," alimnong'oneza Mbinya. "Imebaki hivi."

Ilikuwa imepungua chupa moja ya soda, ambayo kwa kipimo cha Mwalimu Mkuu ni vikombe viwili, ambavyo ni viboko viwili. Mbinya alimtazama vidole. Vilikuwa na alama nyekundu ya mshikio, kuvuka viungo vya kati, mahali pale pale waya ulipomkata yeye.

"Ngoja hapa," akasema. Alikwenda chumbani, akarudi na chupa, akang'oa kigunzi, akaimimina yote ndani ya mtungi wa Mutindi. Mtungi ukajaa.

Alikuwa amesahau chujio. Ama hakuwa amesahau. Baadaye hakuweza kusema kwa hakika. Zamu ya Mutindi ilipofika, yalidondoka kwenye ndoo yake maji yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa, yakaacha yakiwa yamepungua vikombe viwili. Mwalimu Mkuu alikuwa ameanza kuinama kuchukua kiboko wakati yalipoanza tena. Yalitoka yenye chumvi, yakinuka mafuta ya kupikia, naye akayakinga kwa birika ya kipimo, vikombe viwili kamili.

Mwalimu Mkuu alichovya kidole, akaonja. "Haya ni ya nani?"

"Ni yangu," Mbinya alisema.

"Walimu hawaleti maji."

"Nilileta mwaka wa sabini na tano."

Mwalimu Mkuu alifikiri. Hakukasirika, wala hakuona aibu. Alilichukua daftari jekundu kutoka mkononi mwa Mbinya, akafunua mpaka ukurasa wa kwanza, akalirudisha. "Mwaka huo hakukuwa na daftari," alisema. "Na huyu amepungukiwa vikombe viwili. Chujio imesema."

Safari hii Mbinya hakuwa na sahihi ya kungojea. Alinyoosha mikono akaishika kata, akaitoa mkononi mwa Mwalimu Mkuu kwa adabu, kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa.

"Maji ni maji, Mwalimu Mkuu," alisema. "Ulisema mwenyewe, mbele ya Bwana Mkaguzi."

Mwalimu Mkuu Kiema alikuwa mtu wa kushikilia neno lake. Alitazama birika, akatazama ndoo, akakubali kwamba alisema hivyo. Mbinya akayateka yale maji ya chumvi kwa kata, vikombe viwili, akayamimina kwenye ndoo ya Mutindi mpaka ikafika alama. Kiboko kikarudishwa mahali pake. Kwenye daftari, mbele ya jina la Mutindi, Mbinya akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *kamili.* Mtoto akakimbia darasani.

Ijumaa darasa la sita lilikanyaga udongo, na maji ya ndoo hiyo yakafyatua tofali moja na nusu. Lile zima liko juu ya dirisha la choo cha Mwalimu Mkuu, limeandikwa MUTINDI. Wakati wa kiangazi kikali hutoka weupe wa chumvi usoni mwake, peke yake katika ukuta mzima, na Mwalimu Mkuu ameahidi kulipiga rangi. Mama yake Mutindi hulihesabu pamoja na mengine kila siku ya wazazi, na Mwalimu Mbinya, akiwa wa zamu, humwonyesha lilipo.